Kampuni zipo kwanini? Coase, wanyapara, Williamson, Hart na watu wa ujuzi: uchukue ipi kwa swali lako

Wanafunzi wengi wa uchumi na biashara wakifika kwenye tasnifu inayohusu kampuni wanafanya kitu kimoja, sura ya pili wanapanga nadharia tano kwenye foleni, kila moja aya mbili, afu mwisho wanaandika kwamba utafiti huu unaongozwa na nadharia zote hapo juu. Hapo ndo kazi inapoharibika, mana zile nadharia hazikubaliani, na pale zinapoonekana kukubaliana mara nyingi zinajibu maswali tofauti. Hata mtu wa ofisini anayetakiwa kuamua kama kitu fulani wakitengeneze wenyewe au wampe mtu wa nje atapata ushauri tofauti kabisa kutegemea kaanzia kwa nani.

Swali lenyewe kulisema ni rahisi. Vitabu vya mwanzo vya uchumi vinasema bei ndo inapanga nani afanye nini. Sawa. Lakini mtu akihamishwa kutoka idara ya mauzo kwenda manunuzi hakuna bei iliyopanda wala kushuka, kaambiwa nenda kule, kaenda. Kama soko ni zuri kiasi hicho, kwanini watu wengi hivi wanashinda siku nzima mahali ambapo bei imekaa kimya na anayesema ni bosi? Na kama bosi naye ni mzuri kiasi hicho kwanini dunia nzima isiwe kampuni moja tu?

Mi nitazilinganisha kwa maswali mawili. La kwanza, kwa mujibu wa huyu mtu ugonjwa wa soko ni upi hasa. La pili ndo nalipenda zaidi na huwa naliita kipimo cha malaika: tuseme kesho watu wote wameamka waaminifu kabisa, hakuna anayedanganya, hakuna anayetegea kazi, hakuna anayegeuka makubaliano, je kampuni zingebaki au zingeyeyuka? Ukiiuliza kila nadharia swali hilo unaziona zinaachana njia palepale.

Kabla ya hapo tuondoe jibu moja ambalo sio jibu. Watu wanapenda kuanza na Adam Smith na kiwanda chake cha pini, 1776, watu 10 wakigawana hatua kama 18 wanatoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku, wakati mtu mmoja peke yake asingefikisha hata 20. Mfano mzuri sana ila unaeleza kwanini tunagawana kazi, hauelezi kwanini tunagawana kazi chini ya bosi mmoja. Wale 10 wangeweza kuwa wafanyabiashara 10, wa kwanza ananyoosha waya anamuuzia wa pili, wa pili anakata anamuuzia wa tatu, mpaka pini inatoka. Mgawanyo wa kazi ungekuwa uleule, kampuni isingekuwepo. Kwahiyo lazima kuna kitu kingine kinachowaleta chini ya paa moja na hicho kitu ndo kinagombaniwa.

Coase: kulitumia soko kwenyewe kuna gharama

Ronald Coase alikuwa mwanafunzi wa London School of Economics alipopata nafasi ya kwenda Marekani 1931 mpaka 1932, akawa anatembelea viwanda, Ford na General Motors vikiwemo, anauliza watu maswali ya kawaida kabisa, hiki mnatengeneza wenyewe kwanini, kile mnanunua kwanini. Kilichokuwa kinamsumbua ni kwamba wachumi wa Magharibi walikuwa wanasema Urusi haiwezi kuendeshwa kama kiwanda kimoja kikubwa, na huku Magharibi kwenyewe kuna viwanda vikubwa ajabu vinavyoendeshwa kwa mpango ndani kwa ndani na vinafanya vizuri. Makala yake ikatoka 1937, ana miaka 26, Nobel ikaja 1991.

Jibu lake: soko sio bure. Lazima utafute bei, umtafute mtu, mjadiliane, muandikishiane, na kila siku upya. Ukimwajiri mtu unabadilisha mikataba mia kwa mmoja ambao unasema ndani ya mipaka fulani utafanya nitakachokwambia. Na kampuni itaendelea kukua mpaka pale ambapo kuongeza muamala mmoja zaidi ndani kunagharimu sawa na kuufanya nje. Hii sentensi ya mwisho ndo inanifanya nimheshimu sana, mana kwa kipimo kimoja tu kaeleza kwanini kampuni zipo na kwanini hazimezi kila kitu, bosi naye anachoka, anakosea, anashindwa kufuatilia.

Tatizo lake kila anayeitumia analikuta. Ukikuta kampuni inatengeneza spea zake yenyewe unasema gharama za soko zilikuwa kubwa, ukikuta inanunua unasema zilikuwa ndogo, yani huwezi kukosea na kwahiyo hujasema kitu. Coase mwenyewe 1972 alikiri kwamba makala yake inanukuliwa sana ila haitumiki sana. Hakusema muamala wa aina gani ndo wenye gharama kubwa, hiyo kazi ilibaki kwa wengine.

Kwenye kipimo cha malaika, Coase anapita nusu. Malaika wakijadiliana hawatavutana, ila bado itabidi watafutane na wajue bei na wakubaliane, kwahiyo kampuni kadhaa zingebaki.

Kabla yake kulikuwa na Frank Knight, 1921, aliyesema kampuni ipo kwasababu ya mashaka yasiyopimika: wachache wenye ujasiri wanabeba mashaka yote na wanawahakikishia wengine mshahara, na kwa kuwa wamebeba wanadai haki ya kuamuru. Coase alimkatalia, akasema mtu mwenye uoni mzuri anaweza kuuza ushauri wake bila kumwajiri mtu yeyote. Kwa utafiti wa ujasiriamali Knight bado ana kitu cha maana sana, ila kwa swali la mipaka ya kampuni simshauri mtu aanze naye.

Alchian na Demsetz: kampuni ni mnyapara

Hawa 1972 walimgeuzia Coase meza. Yeye kasema kiini cha kampuni ni mamlaka ya bosi, wao wakasema mamlaka gani? Bosi akikwambia andika barua hii badala ya kufaili lile karatasi, hana nguvu zaidi ya mteja anayemwambia muuza duka niuzie hiki sio kile. Mteja anaweza "kumfukuza" muuza duka kwa kuacha kununua. Basi.

Kwao kiini ni timu. Chukua watu wawili wanapakia mzigo mzito kwenye lori, wanainua pamoja. Mzigo ukifika juu nani kachangia kiasi gani? Huwezi kujua kwa kuangalia mzigo. Na kama huwezi kujua, kila mmoja anapata hamu ya kutegea kidogo mana hasara anagawana na mwenzake. Kwahiyo wanahitaji mnyapara, mtu wa kuangalia nani anainua na nani anajifanya. Sasa mnyapara naye nani atamwangalia? Jibu lao ni kali na fupi: mpe kila kinachobaki baada ya wote kulipwa. Akitegea anajiibia mwenyewe.

Bengt Holmström 1982 akaisukuma mbele kwa namna ambayo wengi hawaisomi. Alionyesha kwamba timu ikigawana yenyewe kila senti inayoingia, na juhudi za mmojammoja hazionekani, hakuna namna ya kugawana itakayomfanya kila mtu ajitume inavyotakiwa, lazima awepo mtu wa pembeni ambaye mgawanyo haumalizikii ndani bila yeye. Yani mwenye mali hayupo pale lazima kwa kuangalia, yupo ili iwezekane kuiadhibu timu nzima kazi ikiharibika. Hiyo ni tofauti kubwa na hadithi ya mnyapara na ukiandika mambo ya malipo ya timu unatakiwa uchague upande.

Kipimo cha malaika hapa kiko wazi, kampuni inayeyuka yote, malaika hawategei.

Uzuri wa nadharia hii ni malipo, usimamizi, ushirika, kwanini kazi ambazo mnyapara hawezi kuzisoma kwa macho, kama za wanasheria, zinaelekea kwenye ubia wa kugawana faida. Ubaya wake ni mipaka. Haikwambii kwanini kampuni ya magari imiliki kiwanda cha bodi za magari, pale hakuna watu wawili wanaoinua mzigo mmoja, kuna viwanda viwili ambavyo kila kimoja kina mnyapara wake. Na yupo Stephen Marglin, 1974, anayesema hadithi nzima imepinda, mabosi wa viwanda vya mwanzo vya Uingereza hawakuja kwasababu kazi ilikuwa haiendi, walikuja ili kuishika kazi mkononi na kuchukua fungu lao. Hata usipokubaliana naye msome, mana anakulazimisha uonyeshe faida ilienda kwa nani, wengine wote wanakuonyesha ukubwa wa jumla tu.

Jensen na Meckling wa 1976 wanatoka kwenye mti huohuo ila wamekwenda kwenye fedha: kampuni ni fundo la mikataba, mwenye hisa huku, meneja kule, mkopeshaji pale, na kila mmoja ana maslahi yake. Berle na Means walishaliona pengo la mwenye hisa na meneja tangu 1932. Kama swali lako ni bodi za wakurugenzi, mishahara ya wakubwa, madeni ya kampuni, hapa ndo kwako na usihangaike na kwingine. Ila usiitumie kujibu kampuni inaishia wapi, mana ukishasema kila kitu ni mkataba, mkataba wa ndani na wa nje vinafanana na mpaka umeupoteza mwenyewe.

Williamson na Hart, hapa ndo watu wanachanganya

Hawa wawili wanaandikwa pamoja kila mahali kama ndugu mapacha na mi naona hilo ndo kosa kubwa kuliko yote kwenye fasihi ya wanafunzi, kwahiyo nitakaa hapa.

Oliver Williamson (vitabu vyake vikubwa vya 1975 na 1985, Nobel ya 2009 pamoja na Elinor Ostrom) alichukua pale Coase alipoachia akasema muamala wenye gharama ni huu. Akili ya binadamu ina ukomo, hilo kalitoa kwa Herbert Simon, kwahiyo mkataba hauwezi kuandika kila kitakachotokea. Watu wengine ni wajanja, wakipata mwanya wanautumia. Na kuna uwekezaji ambao ukishaufanya kwa ajili ya mtu fulani hauna thamani kwa mwingine. Vitatu vikikutana, balaa. Mfano ambao haujawahi kuchuja ni kituo cha umeme kilichojengwa mdomoni mwa mgodi wa makaa ya mawe. Kabla ya kujenga, wenye migodi walikuwa wengi, unachagua. Ukishamwaga zege umebaki na mmoja, na yeye kabaki na wewe. Ushindani wa mwanzo umegeuka kuwa ndoa. Bei ikitakiwa kubadilishwa kila mmoja anaweza kumkaba mwenzake, na kukabana huko, kesi, vikao, kusimamisha kazi, ndo gharama yenyewe. Kwahiyo ama mnaungana ama mnaandikishiana mkataba mrefu sana. Paul Joskow miaka ya 80 alipitia mikataba ya makaa ya mawe ya Marekani akakuta hivyo hasa, kadiri pande mbili zilivyofungwa pamoja ndivyo mkataba ulivyokuwa wa miaka mingi zaidi.

Sanford Grossman na Oliver Hart wakaja 1986, afu Hart na John Moore 1990 (Nobel ya Hart ni 2016, pamoja na Holmström), na swali lao linamchoma Williamson mahali panapouma. Yule mjanja aliyekuwa anakukaba akiwa nje, ukimnunua akawa meneja wa idara yako, kwanini aache ujanja? Ni mtu yuleyule. Sasa kilichobadilika ni nini?

Jibu lao: kilichobadilika ni nani mwenye mitambo. Kumiliki maana yake ni kuwa na neno la mwisho kwa yote ambayo mkataba haukuyaandika. Kabla ya kuungana, wewe ukimfukuza anaondoka na mitambo yake, baada ya kuungana anaondoka mikono mitupu. Kwahiyo nguvu ya kujadiliana inahama, na ikihama na hamu ya kuwekeza inahama nayo: wewe uliyenunua sasa utawekeza zaidi ukijua hakuna wa kukukaba, na yeye atawekeza kidogo, akili yake na jitihada zake na mawazo mapya, mana anajua matunda yake utayashika wewe. Umeona? Kwa Hart kuungana kuna hasara yake ya kudumu, imo ndani ya kitu kilekile kinacholeta faida. Kanuni yao inatoka hapo: mpe umiliki yule ambaye uwekezaji wake ndo unaobeba mradi, na mali mbili ambazo moja haina kazi bila nyingine zisiwe na wenye wawili.

Sasa tofauti kwa mtu anayechagua. Kwa Williamson hasara inatokea baada, kwenye kuvutana. Kwa Hart kuvutana hakupotezi kitu, wanakaa wanamaliza vizuri, hasara ilishatokea mwanzoni kimyakimya pale mtu alipoamua kutowekeza. Williamson anasema kufungana kukizidi, ungana. Hart anasema kufungana kukizidi, inategemea uwekezaji wa nani, na jibu linaweza kuwa msiungane kabisa au hata mwenye kiwanda kidogo ammiliki mkubwa. Kwahiyo ukiwa na data inayopima tu kama mali imefungwa kwa mtu mmoja au haijafungwa, ukapiga rigresheni (hesabu ya takwimu ya kutafuta uhusiano) ukapata alama chanya, umempima Williamson, Hart hujamgusa, na Michael Whinston aliliweka wazi hilo 2003. Ukiandika kwenye tasnifu kwamba matokeo yako yanaunga mkono wote wawili, msomaji makini atakushika hapohapo.

Kuhusu General Motors (GM) na Fisher Body, watengenezaji wa bodi za magari: GM ilinunua asilimia 60 ya Fisher Body 1919 pamoja na mkataba wa miaka 10 wa kununua bodi hizo, ikamalizia iliyobaki 1926. Klein, Crawford na Alchian 1978 waliieleza kama kesi ya kukabwa koo na tangu hapo imo kila kitabu. Coase, akiwa amekaribia miaka 90, akarudi kwenye nyaraka na 2000 akaandika kwamba hadithi ile haikutokea hivyo. Wengine wakamjibu. Ushauri wangu itumie kuonyesha mgogoro wa ushahidi, usiijengee hoja yako nyumba juu yake.

Mfano unaomfaa Hart vizuri zaidi ni Apple. Simu zinaunganishwa kwenye viwanda vya watu wengine, lakini sehemu ya mitambo iliyomo mle ndani ya viwanda hivyo ni mali ya Apple. Wafanyakazi sio wake, jengo sio lake, mashine ni zake. Ukifikiria kwa Coase hii haina jina, ni soko au ni kampuni? Kwa Hart inaeleweka kwa sentensi moja, mashine za kazi hiyo zisiwe mikononi mwa mtu anayeweza kuondoka nazo.

Na malori. George Baker na Thomas Hubbard 2004 waliangalia usafirishaji wa malori Marekani wakati kompyuta za ndani ya gari zilipoanza kufungwa. Dereva mwenye lori lake analiendesha kwa huruma, asiye na lake anaweza akaliumiza, ndo mana umiliki wa dereva ulikuwa na maana. Kompyuta ilipoanza kuonyesha linavyoendeshwa, malori yakahama kutoka kwa madereva kwenda kwa kampuni. Hapa mnyapara wa Alchian na umiliki wa Hart wamekutana kwenye gari moja: ukiweza kumwona mtu, huhitaji kumpa umiliki ili alitunze gari. Utafiti kama huu nausifia sana mana kitu kimoja kimebadilika na mpaka wa kampuni ukasogea tukiwa tunaangalia.

Kipimo cha malaika: Williamson anabaki na kampuni chache sana au hana kabisa, bila ujanja ahadi moja ya jumla ingetosha kwa kila kisichoandikwa. Kwa Hart hakuna hata haja ya uongo, watu wake hawadanganyi, wanajipigania tu kwenye meza, lakini wakiacha kujipigania na yeye nadharia inaisha.

Watu wa ujuzi: hata malaika wangekuwa na kampuni

Upande wa pili kabisa yupo Edith Penrose, 1959, Nelson na Winter, 1982, afu Kogut na Zander 1992. Hawa wanasema nyie wote mmekaa kuangalia nani atamwibia nani, wakati shida kubwa ya dunia ni kwamba watu hawajui kufanya vitu. Kampuni ni hazina ya namna za kufanya, nyingi haziandikiki, zimo kwenye mazoea ya watu waliofanya kazi pamoja muda mrefu. Kumfundisha mtu wa nje kunaweza kuchukua miaka hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Kwahiyo kwenye kipimo changu hawa ndo pekee wanaopita moja kwa moja, malaika asiyejua kutengeneza bawa la ndege bado hajui kulitengeneza.

Na hawa ndo pekee wanaojibu kwa raha swali ambalo wengine hawaligusi: kwanini kampuni mbili zenye mitambo ileile, mikataba ileile na soko lilelile zinatofautiana. Penrose aliongeza na mwendo wa kukua, mameneja wapya lazima wazoee kazi pamoja na wa zamani, na hilo halinunuliki haraka, kwahiyo kuna spidi ambayo kampuni ikiizidi inaanza kuvurugika.

Chukua Boeing 787. Boeing waliamua kuwapa wabia wa nje sehemu kubwa za ndege, sio vipande vidogo, mwili mzima kwa vipande na mabawa, wao waje kuunganisha tu. Ndege ya kwanza ilipangwa kukabidhiwa 2008, ikakabidhiwa Septemba 2011. Sehemu zilifika hazijakamilika, kazi iliyotakiwa kufanywa kule ikafanywa huku, na 2009 Boeing wakakinunua kiwanda cha mbia wao Vought kule South Carolina. Mwenye miwani ya Williamson anasema umeona, walifungwa, wakaungana. Mi nikiisoma naona shida kuu haikuwa mtu kumkaba mwenzake, ilikuwa wabia wapewe kazi ya kubuni na kusimamia wasapulaya wadogo ambayo baadhi yao hawakuwahi kuifanya kwa ukubwa ule. Wangekuwa watakatifu wote ndege ingechelewa vilevile.

Na upande wa pili, Toyota. Februari 1997 kiwanda cha Aisin kilichokuwa kinatengeneza karibu vali zote fulani za breki za Toyota kiliungua, na Toyota haikai na stoo kubwa, kwahiyo mistari ya magari ikasimama. Wasapulaya wengi, wengine hawajawahi kutengeneza ile vali, wakaingia kazini bila kwanza kukaa kubishana bei, na ndani ya siku chache uzalishaji ukaanza kurudi. Hakukuwa na umiliki wa mmoja juu ya wote, kulikuwa na ujuzi wa pamoja na miaka mingi ya kujuana. George Richardson alishasema 1972 kwamba kati ya soko na kampuni kuna ushirikiano na ni mpana. Toyota inawapa shida kina Williamson, ila ukweli inawapa shida hata watu wa ujuzi: kama ujuzi unaweza kukaa kati ya kampuni na kampuni, kampuni ya nini tena?

Hilo ndo shimo lao. La pili ni kujizungusha, kampuni imefanikiwa kwasababu ina uwezo, tunajuaje ina uwezo, kwasababu imefanikiwa. Ukichukua nadharia hii kwa tasnifu hakikisha una kipimo cha uwezo kilichochukuliwa kabla ya matokeo na mbali na matokeo, vinginevyo msimamizi wako ana haki ya kukurudisha.

Kwahiyo unachukua ipi

Swali likiwa tununue au tutengeneze, anza na Williamson kwasababu anapimika, uliza nini kimefungwa na mtu mmoja na hali inabadilika mara ngapi. Ukishajua mmefungwa, usikimbilie kumnunua mtu, nenda kwa Hart uulize jitihada za nani zisizoandikika ndo zinabeba kitu. Kama ni za yule unayetaka kumnunua, ukimnunua unaweza kuua kilekile ulichokifuata, na hili huwa linatokea mtu anaponunua kampuni ndogo yenye watu wabunifu, mitambo inabaki, watu wanaondoka. Afu ndo uulize swali la Penrose, sisi tunajua kweli kufanya hii kazi? Mana nadharia mbili za kwanza zinachukulia kimyakimya kwamba yeyote anaweza kufanya chochote.

Swali likiwa la malipo na usimamizi ndani ya nyumba, Alchian na Holmström, na uongeze makala ya Holmström na Paul Milgrom ya 1991 inayoonyesha kwamba mtu mwenye kazi nyingi ukimlipa kwa ile inayohesabika ataitelekeza isiyohesabika. Swali likiwa kwanini kampuni hii inaishinda ile, nenda kwa watu wa ujuzi.

Majukwaa ya usafiri wa simu, kama Uber, ndo yananifanya nisimchague mmoja jumla. Simu inaona kila kona dereva anayopita, kwa mantiki ya malori umiliki ungehamia kwa kampuni, lakini gari limebaki la dereva. Kwa Hart dereva yuko nje, gari ni lake. Kwa Coase yuko ndani, anaambiwa bei, anaambiwa abiria, akikataa sana anafungiwa. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki za kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, na ukisoma hoja za udhibiti zilizozingatiwa pale unamsikia Coase wa 1937. Mi hapa nasimama na Coase.

Na kuna Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, tangu 1991, haina mwenye mali kwa maana ya Hart wala bei kwa maana ya soko. Yochai Benkler 2002 aliiita njia ya tatu ya kuzalisha. Saivi sehemu kubwa ya msimbo wake (maandishi ya programu) inaandikwa na watu wanaolipwa na kampuni, tena kampuni zinazoshindana vikali, na kila moja inaweka mainjinia wake kwenye kitu kilekile bila woga. Ukimsoma Hart kinyumenyume unaelewa kwanini: leseni inamruhusu yeyote kuchukua msimbo wote na kuondoka nao, kwahiyo hakuna anayeweza kuizuia mali, na asiyeweza kuizuia mali hana koo la kukaba.